Kuunganisha diski nane kwenye kadi moja ya HBA: kebo, umeme na vumbi la Dodoma

Kompyuta ya kawaida ya mezani ina matundu manne hadi sita ya SATA, yaani ya kuchomekea diski, kwenye mazabodi (bodi kuu). Ofisi ya upimaji ardhi yenye picha za droni, studio ya video za harusi, au taasisi ndogo inayotaka mafaili yote yakae sehemu moja, huyamaliza matundu hayo mapema. Hapo ndipo huhitajika kadi ya HBA, inayochomekwa kwenye mazabodi na kuongeza nafasi za diski bila kubadilisha kompyuta nzima.

Kuchomeka kadi ni kazi ya dakika tano. Kinachosumbua watu ni nyaya, hasa za umeme. Diski nyingi zinazotangazwa zimekufa huwa nzima kabisa: kebo imelegea, splita (kigawanyio cha umeme) imezidiwa, au volti zimeshuka diski zote zilipoanza kuzunguka kwa pamoja. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa sana kwenye umeme na kebo, na kwenye kadi unapita haraka.

Kadi

Kadi nafuu zinazofaa ni zile zilizotoka kwenye seva zilizostaafishwa. LSI 9211-8i ndiyo inayojulikana zaidi, na ina ndugu zake zenye nembo za watu wengine, kama Dell H200 na IBM M1015. Zote zina chipu ya SAS2008. Herufi na namba za mwisho wa jina zina maana: 8i ni nafasi nane za ndani ya kesi, 8e ni nane za nje. Usinunue 8e kwa kazi hii kwa sababu tu bei yake ni ya kutupa. Kadi za zamani zaidi zenye chipu ya SAS1068E ziache zilipo, maana haziwezi kuona zaidi ya TB 2 za diski hata ukiweka ya TB 8.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kadi imewekewa programu ya ndani ya aina gani, IT au IR. Ya IT huziacha diski zionekane na mfumo wa kompyuta moja kwa moja, na hiyo ndiyo unayotaka kwa TrueNAS (mfumo wa seva ya mafaili), kwa ZFS (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) na kwa matumizi mengi ya Linux. Ya IR inaongeza mambo ya RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zionekane kama moja. Kubadilisha toka moja kwenda nyingine kunawezekana, ila kwa kadi zenye nembo za Dell na IBM kazi hiyo ina hatua nyingi, na ukiikosea unaweza kubaki na kadi isiyowaka. Aliyeuza ikiwa tayari na IT amekupunguzia kazi, hata akiongeza bei kidogo.

Kuna pia vikadi vidogo vya kuchomeka kwenye tundu la PCIe (la kadi za nyongeza) la x1, yaani lenye njia moja ya data, vinavyojisifu kwa matundu sita au nane ya SATA. Vingi vinagawa njia moja kwa diski kadhaa. Diski moja ikikwama, za jirani zinapotea nayo. Kwa seva ya ofisi havifai.

Kebo inayofanana na isiyofanana

9211-8i ina matundu mawili ya SFF-8087, kila moja likibeba diski nne. Kadi za kizazi cha 12 Gb/s, kama 9300-8i, zina SFF-8643, ambayo ni nyembamba kidogo na haiingiliani na ya kwanza. Angalia kadi uliyoishika mkononi kabla ya kuagiza kebo.

Diski nane zinahitaji kebo mbili, kila moja ikiwa na kichwa kipana upande wa kadi na vichwa vinne vya SATA upande wa diski. Mtego uko hapa: zipo kebo za aina mbili zenye sura moja. Moja inatoka kwenye kadi kwenda kwenye diski nne, na kwenye matangazo huandikwa forward breakout. Nyingine inatoka kwenye matundu manne ya mazabodi kwenda kwenye bodi ya nyuma ya trei za seva, nayo huandikwa reverse breakout. Nyaya za ndani zimepangwa tofauti. Ukichomeka ya pili kwenye HBA hakuna kitakachoungua, lakini hakuna diski itakayoonekana, na utamaliza siku nzima ukiilaumu kadi. Unayohitaji ni forward.

Urefu usizidi mita 1 kwa diski za SATA. Wenye diski za SAS, aina ya diski za seva, husikia kuwa kebo zao zinaweza kufika mita 10, na ni kweli kwa diski za SAS, kwa sababu ishara zake zina nguvu zaidi. Diski ya SATA haibadiliki kuwa SAS kwa kuchomekwa kwenye kadi ya SAS. Ndani ya kesi ya kawaida sentimita 50 hadi 75 zinatosha, na hazijazi nyaya mbele ya feni.

Kama una diski za SAS zilizotoka kwenye seva, kebo yake ni nyingine: mwisho wake ni SFF-8482, kichwa kimoja kipana chenye mkia wa umeme nyuma. Ukiangalia kwa karibu mdomo wa diski ya SATA utaona pengo kati ya sehemu ya data na sehemu ya umeme. Kwenye SAS pengo hilo limezibwa na plastiki, na upande wa pili una pini nyingine. Kuziba huko ni kwa makusudi, ili diski ya SAS isiingie kwenye kebo ya SATA. Kadi ya SAS inakubali diski za SATA. Tundu la SATA la mazabodi halikubali diski ya SAS. Wanaokata plastiki kwa kisu ili iingie wanapoteza diski.

Kebo za SFF-8087 si kitu cha kukikuta kila duka la kompyuta mjini Dodoma, na mara nyingi huagizwa kutoka Kariakoo. Agiza tatu badala ya mbili. Ya tatu ndiyo itakayokuambia siku moja kama tatizo ni kebo au diski, na kuisubiri iletwe kwa basi wakati ofisi imesimama ni ghali kuliko bei yake.

Umeme: piga hesabu kabla ya kufungua kesi

Diski ya inchi 3.5 ikishatulia hula kama wati 6 hadi 8. Lakini sekunde zile za kwanza, mota inapoivuta sahani kutoka kusimama, huvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12. Diski nane ni ampea 16, yaani wati 192 kwa volti 12 pekee, kabla prosesa haijapata chake.

Sasa geuza pawasaplai, boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, usome kibandiko. Usiangalie namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwa wino mnene. Tafuta safu ya 12 V. Ikiwa inasema 18 A, diski nane zitaacha ampea 2 kwa kila kitu kingine, na kompyuta itajizima au kujirudia kuwaka kabla hata ya kuonyesha nembo. Kwa kazi hii tafuta pawasaplai ya wati 500 au 550 ya kampuni inayoeleweka. Nyepesi kama boksi tupu, yenye kibandiko cha wati 600, haina uwezo huo.

Kadi nyingi za HBA zina uwezo wa kuanzisha diski kwa zamu. Usiuhesabie. Diski ya SATA inayopata umeme moja kwa moja kutoka pawasaplai kwa kawaida huanza kuzunguka papo hapo, bila kusubiri amri ya kadi.

Jambo la pili ni splita. Kichwa cha umeme cha SATA kina pini 15, tatu kati ya hizo ni za volti 12, na kila pini imeruhusiwa ampea 1.5. Jumla ni ampea 4.5 kwa kichwa kimoja. Splita inayochomekwa kwenye kichwa kimoja cha SATA na kugawa kwenda diski nne inataka ampea 8 kupitia pini hizo hizo tatu. Ndiyo maana plastiki yake hubadilika rangi na kunuka. Kugawa kwa diski mbili ndiyo mwisho. Tofautisha hilo na waya wa pawasaplai wenyewe ambao kiwanda kimeufunga vichwa vitatu au vinne mfululizo: huo ni salama, kwa kuwa mzigo wote haupiti kwenye pini za kichwa kimoja.

Vichwa vya SATA vikikwisha, tumia vile vikubwa vya pini nne vya Molex, ambavyo vinabeba umeme zaidi. Ila adapta ya kutoka Molex kwenda SATA ichague kwa macho. Igeuze uangalie mgongo wa kichwa cha SATA. Kama nyaya zimezama ndani ya plastiki iliyomwagwa kwa pamoja na huoni kila waya unaishia wapi, iache. Za aina hiyo zikitengenezwa ovyo, waya wa njano na mweusi hukaribiana ndani na kuleta shoti, na diski huungua nazo. Nzuri ni ile yenye kifuniko cha nyuma kinachobana kila waya kwenye mfereji wake.

Halafu kuna kosa moja linaloua diski zote nane kwa mkupuo: kuchanganya nyaya za pawasaplai mbili tofauti. Zile zenye nyaya za kuchomoa zina vichwa vinavyofanana upande wa pawasaplai, lakini mpangilio wa pini hautegemei kanuni yoyote ya pamoja. Waya wa kampuni moja kwenye pawasaplai ya nyingine, au hata wa modeli nyingine ya kampuni hiyo hiyo, unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Tumia nyaya zilizokuja na boksi lake tu. Ukiwa na shaka, pima kwa multimita kabla ya kuunganisha diski: njano kwa mweusi isome kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kwa mweusi kati ya 4.75 na 5.25.

Ukavu, ethi na vumbi

Dodoma hupata mvua kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki hewa ni kavu. Kuanzia Juni upepo hupandisha vumbi hadi ndani ya ofisi zenye vioo vilivyofungwa. Ukavu huo unaleta umeme tuli. Ule unaokuchoma kidoleni ukigusa kitasa baada ya kuvua sweta unatosha kuharibu saketi ya diski bila wewe kuona cheche. Chomoa plagi ya ukutani, vaa kamba ya mkononi na ibane kwenye chuma cha kesi kisicho na rangi. Kama huna kamba, shika chuma hicho kwanza kila unapotaka kugusa kadi au diski. Diski itoke kwenye mfuko wake wa kijivu wakati wa kuifunga tu, usizipange mezani juu ya kitambaa zikisubiri.

Ethi, waya unaopeleka umeme ardhini, ni habari nyingine. Kesi inayokutekenya vidole ukiipapasa huku imewashwa inakuambia kuwa soketi haina ethi inayofanya kazi. Ndani ya pawasaplai kuna vichujio vinavyovujisha umeme kidogo kwenda kwenye kesi, na bila ethi kesi huelea karibu nusu ya zile volti 230. Mkondo ni mdogo, haukuui, lakini unapounganisha kebo kati ya vifaa viwili vinavyoelea, tofauti hiyo hupita kwenye nyaya za data. Tabia ya kufungua tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie ndiyo njia fupi ya kufika huko. Na nondo ya ethi iliyofukiwa kwenye udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida mwezi wa Oktoba hata kama Februari ilikuwa sawa, kwa hiyo mwite fundi umeme aipime kiangazi.

Mwinuko wa mji, kama mita 1,100, hauna shida yoyote. Diski nyingi zimeruhusiwa hadi karibu mita 3,000.

Kufunga

Chagua tundu la PCIe. Kadi ni ya x8, lakini itaingia kwenye tundu refu lolote. Angalia kitabu cha mazabodi, maana tundu refu la chini mara nyingi lina nyaya za x4 tu. Kwa diski za kuzunguka hilo halikuumizi: x4 ya PCIe 2.0 inapitisha kama GB 2 kwa sekunde, na diski nane zikisoma zote kwa pamoja hufika kiasi hicho kwa shida. Kwa SSD nane, diski zisizo na sehemu inayozunguka, utaona tofauti.

Sukuma kadi hadi isikae mshazari, funga skrubu yake, kisha iwekee upepo. Kadi hizi zilitengenezwa kwa seva ambazo feni zake hupuliza kama dhoruba. Ndani ya kesi tulivu, bamba lake la kupoozea huwa la moto hata kushika huwezi, na hapo makosa huanza kujitokeza kazi ikiwa nzito. Feni ndogo ya milimita 40 juu ya bamba, au ya 80 ikielekezwa huko, inamaliza jambo. Oktoba na Novemba, joto la mchana linapopita nyuzi 30, usiache hatua hii.

Diski za inchi 3.5 hutumia skrubu nene za 6-32. Za inchi 2.5 na SSD hutumia M3. Zikichanganywa, M3 inalegea na 6-32 inaharibu tundu. Acha nafasi ya kidole kati ya diski na diski kama kesi inaruhusu.

Kabla ya kufunga kila diski, andika namba yake ya utambulisho kwenye kipande cha tepu na ukibandike mahali unapoweza kukiona bila kuitoa. Dakika kumi hizi utazishukuru diski ya tano ikianza kufa na zote zinafanana.

Vichwa vya data viingie hadi klipu ilie. Nyaya nne za kebo moja zimeandikwa P1 hadi P4 au 0 hadi 3. Zifuate kwa mpangilio. Usizikunje pembe kali wala usizikaze kwa zipu hadi zibonyee.

Kisha usiwashe zote. Unganisha diski moja tu, data na umeme, uwashe. Weka kiganja juu yake: diski iliyopata umeme utaihisi ikitetemeka na kutulia. Ikionekana kwenye mfumo, zima, ongeza mbili, endelea hivyo. Njia hii ni ya polepole kwa nusu saa, lakini tatizo likitokea unajua limeingia na nani.

Kuhakiki

Kwenye Linux, `lspci` ikuonyeshe kadi, na `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL` ikuonyeshe diski pamoja na zile namba ulizobandika. Majina kama sdb na sdc yanaweza kubadilishana kila unapowasha, kwa hiyo mipangilio yako itegemee yale ya `/dev/disk/by-id`. Kwenye Windows fungua `diskmgmt.msc`. Itakuuliza kama uianzishe diski mpya. Kama diski ina data kutoka kwingine, kataa kwanza, utafute sababu ya kutosomeka. Kwa diski mpya inayozidi TB 2 chagua GPT (namna ya kuigawa diski).

Kisha soma afya: `sudo smartctl -A /dev/sdb`, au CrystalDiskInfo kwa Windows. Mstari wa 199, ambao CrystalDiskInfo huuonyesha kama C7, unahesabu makosa ya data yaliyotokea njiani kati ya diski na kadi. Ukiongezeka, tuhumu kebo kwanza. Hesabu hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo, hivyo iandike leo, nakili GB 100, uiangalie tena. Mistari ya 5 na 197 ndiyo inayohusu sahani zenyewe. Hiyo ikipanda, kebo haina kosa, tafuta diski nyingine na uhamishe data.

Dalili na sababu zake

Diski haizunguki kabisa, lakini ni mpya na kubwa, hasa iliyotolewa kwenye kasha la nje la USB: chunguza volti 3.3. Kwenye diski za namna hii pini ya tatu ya umeme hutumika kuizima, na pawasaplai inayopeleka volti 3.3 hapo huifanya isiwake. Adapta ya Molex inalitatua, kwa kuwa haina waya wa rangi ya chungwa. Wengine hufunika pini tatu za kwanza kwa tepu ya Kapton, isiyopitisha umeme. Inafanya kazi, ila isiguse ya nne.

Diski inazunguka, inasimama, inaanza tena, na inalia kli-kli: pima volti 12 kwenye kichwa cha mwisho cha waya wakati zote zinawaka. Ikishuka chini ya 11.4, punguza mzigo wa waya huo.

Diski nne hazionekani kwa mkupuo: ni kebo yao au tundu lao kwenye kadi. Hamisha kebo kwenda tundu la pili ujue.

Kompyuta haiwaki kabisa kadi ikiwepo: kwa baadhi ya mazabodi na kadi zenye nembo za Dell au IBM, kufunika pini B5 na B6 za kadi kwa tepu huondoa mgongano. Jaribu tundu jingine kwanza.

Diski zinapotea mchana na kurudi usiku: joto la kadi.

Umeme ukikatika mara kwa mara, weka UPS na uunganishe waya wake wa USB, ili kompyuta ijizime yenyewe kabla betri haijaisha. Bila waya huo UPS inachelewesha tu anguko.

Ukitaka diski moja tu

Kusoma diski moja ya zamani hakuhitaji HBA. Adapta ya SATA kwenda USB inatosha. Ya inchi 2.5 inaishi kwa volti 5 za USB, lakini tundu la USB 2.0 limeahidi mA 500 na la 3.0 mA 900, ilhali diski inaweza kutaka karibu ampea nzima inapoanza. Chomeka nyuma ya kompyuta, si kwenye habu isiyo na umeme wake. Ya inchi 3.5 lazima iwe na adapta ya umeme ya volti 12, ampea 2. Unganisha diski kwanza, kisha umeme, USB iwe ya mwisho.

Diski ya zaidi ya TB 2 iliyokuwa ndani ya kasha la USB inaweza kuonekana tupu ukiichomeka kwenye HBA, kwa sababu saketi ya baadhi ya makasha huiambia kompyuta kuwa sekta ni za baiti 4,096 badala ya 512. Data ipo. Irudishe kwenye kasha lake, nakili kila kitu, ndipo uifomati upya ikiwa kwenye kadi.